Sekunde 34 za Butch O'Hare

Swali: Nilibadilisha ndege Chicago, uwanja wa O'Hare. Ndani ya jengo la abiria namba 2 kuna ndege ndogo ya vita ya zamani, na nikaambiwa uwanja umepewa jina la rubani aliyetungua ndege tano za mabomu za Wajapani ndani ya dakika nne, peke yake, bunduki za mwenzake zikiwa zimekwama. Mimi ni fundi magari, mambo ya jeshi siyajui, lakini hesabu inanitatiza. Risasi za kutosha ndege tano zilikaa wapi kwenye kidude kile? Ni kweli zilikuwa tano? Na niliyesafiri naye anasema rubani huyo baadaye aliuawa na wenzake kwa bahati mbaya. Lipi la kuamini?

Jibu: Ndugu fundi, una haki ya kutia shaka. Tuanzie kwenye risasi, maana Edward O'Hare, aliyeitwa Butch na wenzake, unamwelewa vizuri zaidi ukijua alikuwa na risasi ngapi kuliko ukihesabu ndege alizoangusha.

Siku hiyo, Februari 20, 1942, alikuwa kwenye Grumman F4F-3 Wildcat. Ndege hiyo ina rashasha nne za milimita 12.7, mbili kila bawa. Kila rashasha ilikuwa na mkanda wa risasi 450, jumla 1,800. Rashasha ya aina hiyo hutema risasi karibu 800 kwa dakika. Gawa 450 kwa 800, kisha zidisha kwa 60, unapata sekunde 34 hivi. Hiyo ndiyo akiba yote. Ukibana kifyatulio usikiachie, baada ya sekunde 34 umebaki na injini na parachuti.

Dakika nne ni sekunde 240. Kwa hiyo hata kama alimaliza kila risasi, alipiga kwa sehemu moja kati ya saba za pambano. Sehemu sita nyingine alikuwa anapanda, anageuza, anajipanga upya. Mitutu minne kwa pamoja hutoa risasi kama 53 kila sekunde, hivyo mkupuo wa sekunde tatu ni risasi 160. Sekunde 34 zinatoa mikupuo kumi na moja ya namna hiyo. Kwa mtu anayemwaga risasi ovyo, ndege moja ingeweza kuimaliza akiba yote. Kwa anayejua kulenga, zinatosha ndege kadhaa.

Utakuta pengine imeandikwa kwamba mkuu wake, John Thach, alipiga hesabu akaona O'Hare alitumia risasi 60 tu kwa kila ndege. Namba hiyo ipokee kwa tahadhari. Tano mara 60 ni 300, na O'Hare alirudi risasi zimekwisha. Ukigawa 1,800 kwa tano unapata 360 kila moja, au 90 kwa kila mtutu. Hata hizo 360 ni sekunde saba tu za kupiga.

Suala hili la akiba lilikuja kuwa ugomvi mkubwa miezi michache baadaye. Toleo lililofuata, F4F-4, lilikuja na rashasha sita badala ya nne. Kwenye karatasi linaonekana kali zaidi. Lakini kila rashasha ilibeba risasi 240 tu, jumla 1,440, na muda wa kupiga ukashuka hadi sekunde 18. Juu ya hapo ndege ilikuwa nzito zaidi, na injini ilibaki na nguvu zilezile za farasi 1,200 hivi. Thach alilalamika waziwazi: asiyeweza kupiga shabaha kwa mitutu minne, hata ukimpa minane atakosa. Nadhani alikuwa sahihi, na pambano la O'Hare ndilo ushahidi wake bora.

Sasa kulenga kwenyewe. Ndege za Wajapani siku hiyo zilikuwa Mitsubishi G4M, ambazo Wamarekani walizipa jina la Betty. Ni ndege ya injini mbili, ndefu mita 20, yenye watu saba. Wasanifu wake walitakiwa kuifanya iruke mbali sana, wakaiwekea mafuta ndani ya bawa lenyewe, bila kulizungushia tangi mpira wa kuziba matundu. Fundi kama wewe utaelewa mara moja. Gari lenye tangi la bati tupu mbavuni, upande mzima, halihitaji ajali kubwa kuungua. Risasi za moto zikiingia kati ya injini na tangi, basi.

Lakini kuifikia si rahisi hivyo. Mkiani mwa G4M kulikuwa na mzinga wa milimita 20, na rashasha za milimita 7.7 puani, mgongoni na mbavuni. Rubani anayejipanga moja kwa moja nyuma ya mkia anapata shabaha isiyosogea, hilo kweli, ila na yeye anakuwa shabaha isiyosogea mbele ya mzinga. Tena ndege hizo huruka kwa kundi la umbo la V, kwa hiyo ukikaa nyuma ya moja unapigwa na nne. Vikosi vingi vya anga vya wakati ule viliwafundisha marubani wao zaidi kufuata nyuma. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa limetumia miaka mingi kabla ya vita kufundisha kupiga kutoka pembeni na juu, na pua ya Wildcat inateremka mbele ya kioo ili rubani aone shabaha anapolenga mbele yake.

Ugumu wa kupiga kutoka pembeni ni huu. Chukua mfano wa ndege ya mabomu inayokwenda kilomita 370 kwa saa, yaani mita 103 kwa sekunde. Wewe uko ubavuni kwake, umbali wa mita 300. Risasi zako zinakwenda kwa wastani wa mita 800 kwa sekunde, hivyo zinahitaji sekunde 0.375 kufika. Ndani ya muda huo ndege imesogea mita 38. Ukilenga katikati ya mwili wake, risasi zote zinapita hewani, mita 28 nyuma ya mkia. Ili uipate, lazima upige mahali pasipo na kitu, mbele yake kwa karibu urefu wa ndege mbili, na uamini kwamba itafika hapo pamoja na risasi. Pembe ikipungua hadi nyuzi 30, kile kipimo cha mbele kinapungua hadi nusu, mita 19. Pembe hiyo inabadilika kila sehemu ya sekunde kwa sababu na wewe unageuza. Macho na mikono inabidi vifanye hesabu hiyo bila kufikiri. Hakuna kompyuta ndani ya Wildcat, kuna kioo chenye duara la mwanga tu.

Hatua zenyewe zilikuwa hivi. Rubani anaanza juu ya kundi, mamia ya mita, na pembeni, akiwa mbele kidogo. Anainamisha bawa upande wa adui na kuteremka akigeuza, ili ndege yake ichore upinde unaoishia nyuma na chini ya shabaha. Katikati ya upinde huo kuna dirisha la sekunde mbili au tatu ambapo umbali ni kati ya mita 300 na 100 na pembe inafaa. Hapo ndipo anapopiga, kisha anaachia, anapita chini ya adui, na kasi aliyoipata akishuka anaitumia kupanda tena hadi juu kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Akichelewa kuachia, anaishia mkiani mbele ya mzinga. Akianza chini mno, hana kasi ya kupandia na ndege za mabomu zinamwacha. Akipiga mapema, mita 600 au 700, mikanda inaisha na hakuna alichovunja. Makosa haya matatu ndiyo yaliyowaharibia marubani wengi wapya, na la tatu ndilo la kawaida kuliko yote.

Tuje kwenye siku yenyewe. Manowari ya kubeba ndege USS Lexington ilikuwa njiani kwenda kuishambulia Rabaul, kambi ambayo Wajapani walikuwa wameiteka mwezi mmoja kabla. Asubuhi ndege za doria za Wajapani ziliiona. Mchana kambi ikatuma G4M 17 kwa makundi mawili, bila ndege za kivita za kuzisindikiza. Kundi la kwanza la ndege tisa lilifika, karibu Wildcat zote zikalirukia na kulifukuza mbali. Kisha rada ikaonyesha kundi la pili, ndege nane, likija upande wa pili kabisa wa manowari. Walioweza kulikabili walikuwa wawili: O'Hare na mwenzake wa ubavuni, Marion Dufilho. Dufilho alipojaribu bunduki zake, zote zikakwama.

Kukwama kwa bunduki za Wildcat hakukuwa ajabu. Mkanda wa risasi hulala ndani ya sanduku bawani, na rubani anapogeuza kwa nguvu uzito wa mkanda huongezeka mara kadhaa, ukatelezea upande mmoja, ukajikunja au ukavutika, na risasi isiingie sawasawa. Baridi ya juu nayo hugandisha mafuta ya kulainishia. Sitasema kipi kati ya hivyo kilimpata Dufilho. Alikufa vitani Agosti 1942.

O'Hare aliwakabili ilipokuwa inakaribia saa 11 jioni, wao wakiwa wanashuka taratibu kuongeza kasi kabla ya kuachia mabomu. Alianza upande wa kulia wa V, na ndege za pembeni. Hii si bahati. Ukishambulia ndege ya ukingoni kutoka nje, wapigaji wa ndege nyingine wanapata taabu kukulenga bila kuhatarisha wenzao waliopo katikati. Alipiga injini ya kulia na tangi la bawa, ndege ikayumba ikatoka kwenye safu. Baadaye akahamia upande wa kushoto na kurudia. Katika mzunguko wa tatu na wa nne kundi lilikuwa limefika ndani ya uwezo wa mizinga ya meli, yaani sasa alikuwa anapigana katikati ya mabomu ya kutungulia ndege ya upande wake mwenyewe. Ndege ya kiongozi, Luteni Kamanda Takuzo Ito, ilipigwa injini ya kushoto kwa risasi nyingi mahali pamoja hata injini ikang'oka bawani. Rubani wake alijaribu kuigongesha kwenye Lexington, akakosa, akaanguka baharini karibu na manowari saa 11:12.

Ndege tano zilifanikiwa kuachia mabomu, jumla kumi ya kilo 250. Yote yakakosa.

Sasa zilikuwa ngapi? O'Hare aliamini ametungua tano na kuharibu ya sita, na rasmi aliandikiwa tano. Kumbukumbu za kikosi cha Wajapani zilipolinganishwa na za Wamarekani miaka mingi baadaye, zilionyesha tatu zilizoanguka kwa mkono wake. Nyingine mbili aliziharibu. Moja ilirudi Rabaul ikatua, na moja ilikamatwa na Luteni Noel Gayler kilomita 60 na kitu kutoka kwenye manowari, ikaangushwa huko. Thach, aliyewasili mwishoni, alisema kuna wakati aliona tatu zikianguka kwa pamoja zikiwaka.

Usimwone O'Hare mwongo kwa hilo. Rubani anapiga sekunde mbili, anaona moto, kisha anapita chini ya adui na kumpoteza machoni. Akipanda tena anaona nafasi tupu kwenye safu na moshi. Ni vigumu kujua kama ile iliyotoka imeanguka au imebaki nyuma ikiwa na injini moja. Pande zote za vita ile zilihesabu zaidi ya ukweli, na mapambano yenye ndege nyingi ndiyo yaliyopotosha hesabu zaidi. Tofauti ya tano na tatu katika dakika nne ni ndogo ukilinganisha na madai mengine ya vita hivyo. Tena, kati ya ndege zile 17, Wajapani walipoteza 15, na Wamarekani walipoteza Wildcat mbili na rubani mmoja.

Ndege ya O'Hare ilikutwa na tundu moja la risasi, bawa la kushoto, lililoharibu kipimamwendo. Alipokuwa anakuja kutua, magurudumu yakiwa nje, mpiga rashasha mmoja wa manowari alimfyatulia kwa hofu na kumkosa. Inasimuliwa kwamba baada ya kutua alimfuata kijana yule na kumwambia kwa upole kwamba akirudia kumpiga wakati magurudumu yako nje, itabidi amshitaki kwa bosi wake.

Ustadi huo haukuanza siku hiyo. O'Hare alizaliwa St. Louis, Missouri, Machi 13, 1914. Alihitimu chuo cha maofisa wa majini cha Annapolis mwaka 1937, na kama ilivyokuwa sheria wakati ule, akatumikia miaka miwili baharini kwanza, kwenye meli ya vita USS New Mexico, ndipo akaruhusiwa kujifunza urubani Pensacola. Alipata mabawa, yaani beji ya urubani, Mei 1940, akapelekwa kikosi cha VF-3 chini ya Thach, mtu aliyekuwa na wazimu wa kulenga shabaha. Kila rubani mpya alipigishwa shabaha ya kitambaa inayovutwa na ndege nyingine, risasi zikiwa zimepakwa rangi tofauti kwa kila rubani ili matundu yahesabiwe jioni. Hakuna nafasi ya kujidanganya hapo, rangi yako ama ipo kitambaani ama haipo. O'Hare alikuwa miongoni mwa walioacha rangi nyingi.

Kuna mchango wake mwingine ambao hausemwi sana. Mwaka 1941 Thach alisikia habari za ndege mpya ya Wajapani, ile iliyokuja kuitwa Zero, inayopanda na kugeuka kuliko Wildcat. Usiku nyumbani alipanga njiti za kiberiti mezani akitafuta namna ndege nzito zinavyoweza kujilinda. Aliyoipata ni ndege mbili-mbili kuruka sambamba kwa umbali, na adui akimwingia mmoja nyuma, wote wanageukiana, hivyo anayefukuza anajikuta uso kwa uso na mitutu ya yule wa pili. Kuijaribu hewani, Thach alifunga kasi ya ndege zake ili zishindwe kutumia nguvu zote, akampa O'Hare ndege za adui zenye nguvu kamili. O'Hare alirudi akasema kila alipojipanga kupiga, alikuta mtu amemgeukia. Mbinu hiyo iliokoa marubani wengi wa Wildcat kuanzia vita vya Midway, Juni 1942.

Baada ya Februari, jeshi lilimfanya kitu cha kuonyesha. Aprili 21, 1942 Rais Roosevelt alimkabidhi Nishani ya Heshima, na mkewe Rita akamvisha shingoni. Alipandishwa kuwa luteni kamanda, akazungushwa miji kuhamasisha watu, kazi ambayo kwa habari zote hakuipenda. Mei 8, 1942, Lexington ilizama katika vita vya Bahari ya Matumbawe, yeye hayumo. Kisha akapewa kikosi cha kufundisha Hawaii. Mmoja wa wanafunzi wake, Alex Vraciu, alikuja kutungua ndege 19. Jambo alilowakazia vijana ni dogo na la lazima: kabla ya kushuka kushambulia, geuza shingo utazame nyuma yako, kila mara, hata kama una hakika hakuna mtu.

Alirudi vitani Agosti 31, 1943 na ndege mpya, F6F Hellcat: nguvu za farasi 2,000, rashasha sita, risasi 400 kila moja. Wasanifu walikuwa wamesikia malalamiko ya risasi chache. Oktoba 5, juu ya kisiwa cha Wake, aliandikiwa ndege mbili zaidi, na jumla rasmi ikawa saba.

Hapo tunafika kwenye swali lako la mwisho. Novemba 1943 Wamarekani waliteremka visiwa vya Gilbert, Tarawa na Makin. Wajapani hawakuweza tena kushambulia mchana, wakaanza kutuma G4M jioni na usiku zikiwa na topedo. Moja ya topedo hizo iliipiga manowari ya kubeba ndege USS Independence Novemba 20. Ndege za kivita za manowari hazikuwa na rada, na gizani rubani wa Hellcat haoni kitu hadi akigonge. O'Hare, sasa mkuu wa ndege zote za USS Enterprise, alisaidiana na Admirali Arthur Radford kubuni njia: ndege kubwa ya topedo, TBF Avenger, ilikuwa na rada. Iende mbele na kuongoza, Hellcat mbili ziambatane nayo ubavuni. Rada ya manowari inawapeleka eneo la adui, rada ya Avenger inawasogeza karibu, na kwa mita mia chache za mwisho rubani anatafuta kwa macho mwali wa buluu unaotoka ekzosi za injini za adui. Kisha Hellcat zinapiga.

Ukiisikiliza kama fundi utaona tundu lake mara moja. Kila kitu kinategemea ndege tatu kubaki pamoja gizani, taa zimezimwa.

Novemba 26 ziliondoka jua likizama. Avenger iliendeshwa na John Phillips, O'Hare na Warren Skon walikuwa kwenye Hellcat. Mwongozaji aliyekuwa manowarini alizielekeza Hellcat kumfuata adui mmoja peke yao, na kundi likatengana. Phillips, ambaye ndege yake ilikuwa na rashasha mbili tu za mbele, ndiye aliyefanya kazi: aliziangusha G4M mbili kwa rada yake. Sasa Hellcat zikawa zinamtafuta ili zijiunge naye tena, katika anga ambayo marubani wa Kijapani nao walikuwa wanatafutana. Taa za utambulisho ziliwashwa ili waonane. Inakaribia saa moja na nusu usiku, Hellcat zikiwa zinasogea mahali pake, mpiga bunduki wa Avenger, Alvin Kernan, aliona ndege nyingine ikiingia nyuma na juu ya O'Hare. Aliomba ruhusa, akapiga. Ile ndege ngeni nayo ilipiga na kutoweka. Wakati huohuo Hellcat ya O'Hare ilitoka kwenye mstari, ikapita chini kuelekea kushoto, ikaingia gizani. Skon alimfuata hadi karibu na maji, ikambidi avute juu. Redio haikujibiwa, na asubuhi utafutaji haukuambulia chochote.

Aliyesema aliuawa na wenzake anarudia tuhuma iliyoanza mapema na kudumu miaka mingi. Kernan aliishi nayo maisha yake yote. Alikuja kuwa profesa wa fasihi Princeton, na aliandika juu ya usiku ule bila kukwepa. Watafiti waliopitia taarifa zote za walionusurika na kupanga upya nafasi ya kila ndege waliamua kwamba aliyempiga ni mpiga bunduki wa puani wa G4M. Sababu ni nafasi: adui alikuwa nyuma na juu ya O'Hare, akimwelekezea pua, ilhali Kernan alilenga kitu kilichokuwa juu zaidi. Mimi nakubaliana nao, lakini kwa kiwango cha uwezekano tu. Risasi ya Kernan ilikuwa ya milimita 12.7, ya Mjapani milimita 7.7, tundu moja kwenye bati lingemaliza ubishi. Ndege ya O'Hare haijapatikana hadi leo.

Kilicho wazi zaidi ni kosa la mpango wenyewe: kuwatenganisha waliopaswa kuwa pamoja, kisha kuwaunganisha tena gizani. Mwanzoni mwa 1944 Hellcat zenye rada yake yenyewe bawani zilifika manowarini, na mtu mmoja akaweza kufanya kazi ya ndege tatu.

Huenda umesikia pia habari ya baba yake. Hiyo ni kweli kwa sehemu. Edward J. O'Hare alikuwa wakili aliyefanya biashara na jambazi Al Capone, akapeleka taarifa kwa serikali zilizosaidia kumfunga kwa kukwepa kodi, na akapigwa risasi Chicago Novemba 8, 1939. Kwamba alifanya hivyo ili mwanawe apate nafasi Annapolis, ni simulizi tamu inayosambazwa sana, na sina msingi wa kuithibitisha. Uwanja wenyewe ulibadilishwa jina mwaka 1949. Kabla ya hapo uliitwa Orchard, ndiyo maana tiketi yako iliandikwa ORD.

Ukipita tena Chicago, ndege ile itazame kwa karibu. Ni Wildcat halisi iliyopakwa rangi na alama za ile ya O'Hare, ila siyo yenyewe. Iliopolewa kutoka Ziwa Michigan, ambako marubani wanafunzi walijifunza kutua juu ya meli mbili za zamani za abiria, za makaa ya mawe na magurudumu ya pembeni, zilizowekewa sitaha ya kutulia ndege. Zaidi ya ndege mia moja ziliishia majini humo. Hesabu matundu ya mitutu kwenye ukingo wa bawa: mawili kila upande, hiyo ni F4F-3. Kisha chungulia upande wa kulia wa kiti cha rubani, utafute mkono wa kuzungushia magurudumu. Hapakuwa na mota. Baada ya kuruka, rubani alishika usukani kwa mkono wa kushoto na kuzungusha kwa wa kulia karibu mara 30, na ndiyo sababu Wildcat ikiondoka manowarini ilionekana ikiyumba juu na chini hadi magurudumu yaingie.